Springi ya bawaba kwenye pikapu ya zamani: ibadilishwe, lakini isiwe ya kwanza

Msomaji mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, ana pikapu aina ya Chevrolet S-10 ya mwaka 1991, ambayo aliinunua ikiwa imeshatumika sana. Mlango wa dereva haukai wazi tena: akiuachia, unamrudia mguuni au unakimbilia mbele hadi bodi inalia, na asubuhi moja alikuta kipande cha springi nene kimeanguka chini ya mlango. Fundi wa kwanza alimwambia kwamba springi hiyo haina kazi na aitupe. Wa pili alitaka kuichomelea irudi kama ilivyokuwa. Wa tatu akampendekezea springi ya vali iliyotoka kwenye injini ya lori. Anauliza amsikilize nani kati ya hao watatu, kama kazi hii anaweza kuifanya mwenyewe nyumbani, na kama inafaa abadilishe na ya mlango wa abiria papo hapo.

Ndugu yangu, kati ya hao watatu hakuna wa kumsikiliza, ingawa nawaelewa, kwa sababu magari mengi wanayoyashika kila siku hayana kitu cha namna hii. Kwenye Toyota Hilux, kwa mfano, kinachouzuia mlango usiende ovyo ni mkono mwembamba wa chuma ulio peke yake, unaotoka kwenye nguzo ya bodi iliyo mbele ya mlango na kuingia ndani ya mlango katikati ya bawaba mbili. Kwenye S-10, pamoja na pikapu kubwa za Chevrolet za miaka ya 1988 hadi 1998, kazi hiyo ilipewa bawaba yenyewe. Ukifungua mlango na kuchungulia katika pengo lililo kati yake na nguzo ya mbele, utaona kwamba bawaba moja ni ya kawaida, na ya pili imebeba springi fupi ya waya mnene, iliyobanwa kati ya vikalio viwili, pamoja na kigurudumu kidogo cha chuma. Mlango unapozunguka, kigurudumu hupanda nundu kisha hutumbukia bondeni, na springi ndiyo inayokisukuma kibaki humo. Ule mguso unaousikia mkononi mlango unapofika nusu, na tena unapofika mwisho, ndio huo. Springi ikikatika, kigurudumu hakina cha kukishikilia, na mlango unatii mteremko tu.

Katika mji kama wetu hilo si jambo dogo. Mtu anayeegesha gari mahali tambarare anaweza kukaa na mlango wa hivyo miaka. Bukavu sehemu hizo unazihesabu. Bawaba ziko upande wa mbele wa mlango, kwa hiyo gari likiwa limeelekeza pua mtelemkoni, mlango unafunguka kwa uzito wake hadi kikomo, na kila mara uzito huo wote unapokelewa na bawaba. Likiwa limeelekeza pua mlimani, mlango unajifunga juu ya mguu au vidole vya anayeshuka. Na kwa kuwa sisi tunaendesha kulia na usukani wa S-10 uko kushoto, mlango wa dereva hufungukia upande wa magari na pikipiki zinazopita. Mlango usioshikika kwenye barabara ya Kadutu saa za soko unaweza kumwangusha motari na abiria wake kabla hujatia mguu chini. Kwa hiyo springi ina kazi, na yule wa kwanza amekosea.

Wa pili amekosea zaidi. Waya wa springi ni chuma kilichopikwa na kupozwa kwa kipimo maalumu ili kiweze kubanwa na kurudi maelfu ya mara. Moto wa kuchomelea unaiua tabia hiyo palepale ulipogusa: sehemu moja inalegea, iliyo jirani yake inakuwa kavu kama kioo, na springi itakatika tena pembeni ya kiungo, pengine siku unapoishika. Pendekezo la tatu lina akili kidogo, maana springi ya vali nayo ni ya kubanwa. Lakini ukiitazama kwa vipimo inashindwa. Ikiwa ngumu kupita ya asili, kila ufunguaji unazidisha mzigo kwenye pini ambayo bawaba huizungukia na kwenye bushi, yaani mrija mfupi unaoizunguka pini hiyo. Ikiwa nyembamba kwa upana, haikai kwenye vikalio vyake, itachomoka. Vitu vinne lazima vilingane: upana wa nje, unene wa waya, idadi ya mizunguko, na urefu ikiwa haijabanwa. Vitatu vya kwanza unaweza kuvipima kwenye vipande ulivyonavyo, ukiviunganisha mezani. Urefu ni vigumu kuuamini kwenye springi iliyokatika, kwa hiyo itazame ya mlango wa abiria kabla ya kununua, na hakikisha kwamba miisho yake miwili imelala bapa kama ya asili. Kwa bahati nzuri, springi hizi bado zinatengenezwa na kuuzwa kwa wenye pikapu za zamani Marekani, na kwa udogo wake inaingia kwenye mfuko wa mtu yeyote anayesafiri. Agiza wakati huohuo pini mbili na bushi zake kwa mlango huo. Sababu naieleza sasa, na hapa ndipo penye uzito wa jibu langu.

Springi ya bawaba mara chache inakufa peke yake. Pini za bawaba zinazungukia ndani ya bushi za shaba nyeupe au ya njano, laini kuliko pini, ambazo zimewekwa zilike badala ya bawaba. Zikishalika, mlango unashuka upande wa kitasa, bawaba ya juu inavutwa nje na ya chini inasukumwa ndani, na vikalio vya springi havitazamani tena sawasawa. Springi inabanwa ikiwa imepinda, upande mmoja unabeba mzigo wa pande mbili, na hapo ndipo inapokatika. Ukiweka mpya juu ya bushi zilizokwisha, umenunua miezi tu.

Kipimo chake hakihitaji chombo. Fungua mlango nusu, shika ukingo wake wa nyuma chini ya kitasa kwa mikono miwili, uinue na kuuachia taratibu, huku mtu mwingine akizitazama bawaba. Pini ikitikisika ndani ya tundu lake, bushi zimekwisha. Dalili nyingine utaiona ukiufunga mlango polepole: ukifika karibu na nguzo ya nyuma, unainuka kidogo ili kupanda juu ya kile kijiti cha chuma ambacho kitasa hukiuma. Mlango mzima haupandi, unaingia moja kwa moja.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, tazama chuma ambacho bawaba zimeshikia. Kwenye S-10 bawaba hazikufungwa kwa bolti kiwandani. Zimechomelewa kwenye nguzo na kwenye mlango pia. Nimeona watu wakitafuta bolti za kulegeza ili wanyanyue mlango ulioshuka, na walipozikosa wakachukua bomba refu na kuipinda bawaba. Usifanye hivyo, wala usimruhusu fundi afanye. Osha matope, kwangua rangi inayobabuka kuzunguka bawaba, na utafute ufa mwembamba wa kutu unaofuata ukingo wake. Mvua zetu za kuanzia Septemba hadi Mei hazina huruma kwa bodi iliyokwisha kukwaruzwa. Ukiukuta ufa, simama hapo: springi mpya itausukuma uzidi kufunguka. Nguzo ichomelewe kwanza na fundi wa bodi anayeaminika, betri ikiwa imefunguliwa nyaya, viti na kioo vimefunikwa kwa kitambaa kilicholowanishwa, na ndoo ya mchanga iko karibu.

Tuseme nguzo ni nzima. Springi ya zamani, au vipande vyake, hutoka kwanza, kabla ya kugusa pini. Kipande kilichobaki kati ya vikalio kinaweza kuwa bado kimebanwa, na mtu akikidonoa kwa bisibisi kinaruka. Hii ndiyo hatari kubwa katika kazi yote, na ipo kwa sababu uso wako unakuwa kwenye pengo la mlango, sentimita chache tu kutoka pale. Vaa miwani ya kazi. Ukiikosa, kofia ya motari yenye kioo cha mbele inatosha kabisa na haikosekani mtaani. Funika bawaba kwa gunia au taulo zito, kisha ndipo usukume kipande kitoke kikiwa ndani ya kitambaa. Watoto wawe mbali, na siyo nyuma yako wakitazama.

Kuna kifaa kilichotengenezwa makusudi kwa kazi hii, chenye makucha mawili yanayovutwa na bolti ya katikati, ambacho kinaishika springi kwa mizunguko yake na kuibana. Ukikipata cha kuazima, kitumie. Wengi hatutakipata, kwa hiyo nitakueleza njia ya waya, ambayo ni salama ikiwa mtu hana haraka.

Ila kwanza pini na bushi, zikiwa zinahitajika. Weka jeki chini ya mlango karibu na katikati yake, juu yake kipande cha ubao, na juu ya ubao kitambaa kilichokunjwa, uipandishe mpaka iubebe uzito bila kuuinua. Msaidizi mmoja aushike mlango usiyumbe. Asiondoke hata kwa simu. Kama kuna nyaya za vioo au za redio zinazoingia mlangoni kupitia mpira, angalia zisivutwe. Kabla ya kugonga, andika au piga picha kila pini imeingilia upande gani na kichwa chake kiko wapi, maana zikirudishwa kinyume zinaweza kugusa bodi. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni ya siku iliyotangulia. Kisha ondoa kibanio kidogo kilicho mwishoni mwa pini, kama kipo, na uigonge itoke kwa kutumia kipande cha chuma cha duara chembamba kuliko pini, kwa nyundo nzito na mapigo machache. Nyundo nyepesi yenye mapigo mengi inatanua kichwa cha pini tu, halafu haitoki tena. Bushi za zamani zinatoka kwa kugongwa. Nyingi zinakuwa zimepasuka tayari.

Bushi mpya lazima iingie kwa kubana. Ikiingia kwa kusukumwa na kidole, tundu la bawaba limeshakuwa yai, na hapo gundi, vipande vya mkebe na ujanja mwingine wote ninaouona gerejini ni kupoteza muda. Peleka kipimo kwa fundi anayekereza vyuma kwa mashine, akutengenezee bushi ya shaba yenye upana wa nje uliozidi kidogo; tundu lenyewe lisafishwe liwe duara kwanza. Paka grisi kidogo ndani ya bushi, ulinganishe matundu kwa kupandisha na kushusha jeki kidogo kidogo, na pini itaingia bila kugombana nawe. Ikigoma, usiilazimishe. Mlango haujakaa sawa, na nyundo itaiharibu bushi uliyoinunua jana.

Sasa mlango umening'inia vizuri bila springi, na kabla ya kuirudisha nataka ufanye jambo ambalo mafundi wengi hulipita. Fungua na kufunga mlango taratibu sana huku ukitazama nafasi iliyo kati ya vikalio viwili. Utaona inapanuka na kupungua. Pale kigurudumu kinapotumbukia bondeni nafasi inakuwa kubwa zaidi, na pale kinapopanda nundu inakuwa ndogo zaidi. Pima urefu wa zote mbili kwa rula na uandike, kwa sababu vipimo hivyo viwili ndivyo vitakavyokuokoa.

Bana springi mpya kwenye jiliwa, ile ambayo gerejini kwetu huitwa eto, miisho yake ikiwa imelala sawa kwenye meno yote mawili, hadi urefu wake uwe mfupi kuliko ile nafasi kubwa kwa milimita mbili au tatu, lakini uwe mrefu kuliko ile ndogo. Pitisha waya wa chuma wa unene wa milimita 2 ndani ya springi na uurudishe kwa nje, mara mbili, kisha usokote kwa koleo angalau mizunguko mitano. Fanya vivyo hivyo upande ulio mkabala. Ukifunga upande mmoja tu, springi itajipinda kama ndizi ukiifungua jiliwa, na inaweza kuponyoka. Kamba za plastiki za kufungia nyaya usizitumie. Zinavutika, na hazitoi taarifa kabla ya kukatika. Springi ikishafungwa, ifunike kwa kitambaa ndipo ulegeze jiliwa robo mzunguko kwa robo mzunguko, ukisikiliza kama waya unateleza. Kuanzia hapo ishike kwa pembeni, usiielekeze usoni kwako wala kwa msaidizi, na usiiache mezani wakati unaenda kunywa chai.

Simamisha mlango katika mkao wa nafasi kubwa na uingize springi kati ya vikalio. Ikiwa vipimo vyako vilikuwa sahihi, itaingia kwa mkono. Ikitaka nyundo, itoe na uibane zaidi. Ikishakaa pande zote mbili, itupie kitambaa na usogeze mlango taratibu kuelekea pale nafasi inapopungua. Mlango wenyewe utaibana springi kuliko waya ulivyoibana, na waya utalegea. Wengi huukata waya ukiwa bado umekaza, springi ikafyatuka dhidi ya vikalio kwa kishindo, na wakati mwingine ncha ya waya ikapita karibu na jicho. Ukingoja ulegee, unaufumua na kuuvuta nje kwa amani. Njia hiyohiyo inatumika kinyume kwa kutoa springi ambayo bado ni nzima: unaifunga waya mlango ukiwa kwenye mkao wa nafasi ndogo, unausogeza hadi kwenye nafasi kubwa, na springi inatoka bila kushindana.

Tia grisi kwenye kigurudumu na mahali kinapopita, nyingi isizidi, kwa sababu vumbi la kiangazi la Juni hadi Agosti linaigeuza kuwa msasa. Kisha fungua na kufunga mlango mara kadhaa ukisikiliza. Mlio mmoja mzito kwenye kila kituo ni wa kawaida. Mlio wa kukwaruza maana yake kigurudumu hakizunguki, na hicho nacho kinabadilishwa.

Linabaki jambo moja ambalo huwashangaza watu. Baada ya bushi mpya, mlango unaweza kukataa kufungika vizuri kuliko ulivyokuwa mbovu. Sababu ni kwamba mwenye gari wa zamani, au fundi wake, alikuwa amekishusha kile kijiti cha nguzo ya nyuma ili kiufuate mlango ulioshuka. Sasa mlango umerudi mahali pake na kijiti kimebaki chini. Kilegeze kwa ufunguo wa Torx, wenye ncha ya umbo la nyota, wa T50, ukipandishe kidogo, ukaze, ufunge mlango polepole, na urudie hadi uingie bila kupanda wala kushuka. Kwenye sehemu hii ya bodi ndiyo marekebisho pekee ambayo kiwanda kilikuachia, kwa hiyo weka alama kwa penseli mahali kilipokuwa kabla ya kukigusa.

Kama springi itachelewa kufika, usiendeshe mlango ukiwa huru. Funga ukanda imara wa turubai kati ya nguzo na mlango, urefu wake ukiuzuia mlango kabla haujafika kikomo cha bawaba. Hautaushikilia mlango wazi, lakini utaokoa bawaba na bodi ya mbele. Tundu la kuufungia ukanda usilitoboe kwenye bawaba. Tafuta skrubu iliyopo tayari. Na ukiegesha mtelemkoni, shika mlango kwa mkono wa kushoto tangu unapofungua kitasa mpaka utakapoufunga.

Kuhusu kuifanya mwenyewe: springi peke yake, ndiyo, ukiwa na jiliwa, msaidizi mtulivu na nusu siku isiyo na shughuli nyingine. Pini na bushi pia, kama hukukuta tundu lililokuwa yai. Nguzo yenye ufa, hapana. Ukimpa fundi, mwonyeshe vipimo viwili vya nafasi ulivyoandika na umwombe akueleze atakavyoibana springi kabla hujamwachia gari. Akijibu kwamba ataisukuma kwa bisibisi, chukua ufunguo wako uondoke.

Mlango wa abiria hauchakai sawa na wa dereva, kwa sababu haufunguliwi mara nyingi kama huo. Upime kwa kuuinua kama nilivyoeleza. Bushi zikiwa imara na mguso wa vituo viwili ukisikika vizuri mkononi, iache springi yake ilipo, usiiondoe kwa sababu tu umekuwa na vifaa mkononi. Ila agiza ya pili katika mzigo uleule, kwani nauli ya kipande kimoja na ya viwili karibu ni ileile, na uihifadhi imepakwa mafuta ndani ya mfuko wa plastiki, mahali pakavu.